Nenda mkutanoni, lakini nenda na swali



Wiki mbili kabla ya uchaguzi mdogo wa Malava, Novemba 2025, niliandika kwenye grupu letu la WhatsApp kwamba naenda mkutano wa kampeni kule. Majibu yalikuja mbio. Mmoja aliuliza nimelipwa ngapi. Mwingine akasema siasa ni uchafu na Mwislamu anayejiheshimu akae nayo mbali. Wa tatu ni mdogo wangu, mtoto wa mamangu mdogo, na huyu nampenda sana. Aliandika hivi: "Dada, hao watu hawatupendi. Unaenda kutafuta nini kwao?"

Sikumjibu siku hiyo. Namjibu leo, na kama wewe pia umewahi kuuliza swali kama hilo, basi hili jibu ni lako.

Kwanza, sitakutajia mgombea wala chama. Ukurasa huu si wa kumpigia mtu debe. Tena, ukweli ni kwamba yule mgombea alikuwa sehemu ndogo sana ya siku yangu.

Nilitoka Mumias asubuhi, matatu hadi Kakamega mjini, halafu nyingine ya barabara ya Webuye. Tangazo lilisema mkutano ni saa nne. Wewe unaijua saa nne ya wanasiasa. Saa tano nilikuta spika zimefungwa juu ya gari, vijana wa isukuti wanapasha ngoma, boda boda wanazunguka uwanja wakipiga honi, na foleni ndefu ya tisheti. Mheshimiwa mwenyewe bado yuko njiani. Nilikuwa na hijabu yangu, na kusema kweli katika ule uwanja mzima sidhani Waislamu tulifika ishirini. Watu waliniangalia. Kuna walioniangalia kwa kushangaa tu, na kuna wale unajua kabisa wanajiuliza huyu ametumwa na nani.

Adhuhuri ikanikuta hapo. Nikaenda nyuma ya duka moja la mbegu na mbolea, nikaomba maji kwa msichana wa kibanda cha chai, nikatawadha. Kwenye baraza la lile duka alikuwa ameketi mama mmoja wa makamo ya nyanya yangu, na kitambaa kichwani kama wanachovaa kina mama wa kanisa la Quaker. Alinitazama nikitafuta mahali pa kuweka mkoba, akasema, "Lete hapa nikuangalizie, uombe kwa amani." Nilipotoa salamu na kugeuka, nikakuta ameukalia kabisa. "Hapa wezi ni wengi kuliko kura," akasema.

Halafu mvua ikafika. Kama wewe ni wa huku, unajua mvua ya Kakamega ya mchana haibishi hodi. Uwanja ulibaki mtupu, watu wakajibanza kwenye mabaraza, na mimi na yule kukhu tukabaki pale pale, kila mmoja na kikombe cha strungi. Tulikaa zaidi ya saa nzima. Kila ninachotaka kukuambia leo kilitoka kwenye lile baraza.

Aliniuliza mimi ni mtoto wa wapi. Nikamwambia Mumias. Tukasalimiana upya, mulembe, mulembe swa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, nikikuuliza kitu utakasirika?"

"Uliza tu, kukhu."

"Kwa nini watu wenu waliwaua watoto wa wenyewe kule Garissa?"

Hebu simama hapo kidogo ujiulize wewe ungejibu nini.

Unajua anachosema. Tarehe 2 Aprili 2015, Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakawatenga wanafunzi kwa dini, na watu 148 wakauawa. Wengi walikuwa wanafunzi waliotoka mikoa ya mbali, wameenda kule kwa sababu ndiko serikali iliwapa nafasi ya kusoma. Jirani wa huyu mama alimzika binti yake. Alikuwa wa kwanza kwa ile familia kuingia chuo kikuu.

Mimi majibu nilikuwa nayo. Sisi tunaofanya kazi hii ya haki tunayo kichwani kama namba ya simu. Nilikuwa niko tayari kumwambia wale si watu wetu. Nilikuwa niko tayari kumwambia Al-Shabaab wameua Waislamu wengi sana. Nilikuwa niko tayari kumtajia Salah Farah, yule naibu wa mwalimu mkuu aliyepigwa risasi ndani ya basi huko Mandera Desemba 2015, wakati abiria Waislamu walipokataa kujitenga na Wakristo, na akafa kwa majeraha Januari 2016. Majibu yote hayo ni ya kweli.

Lakini nilimwangalia yule mama nikaona hajaniuliza kama hakimu. Ameniuliza kama mtu aliyesimama kando ya kaburi la mtoto. Nikasema, "Pole sana, kukhu. Huyo binti alikuwa anasomea nini?"

"Ualimu."

Akanihadithia. Vile alikuwa mweusi na mrefu kama babake. Vile walichanga kanisani kumlipia nauli. Mimi nilisikiliza tu. Alipomaliza ndipo nikamwambia waliofanya vile si watu wangu, na kwamba hata sisi wanatuua. Akasema, "Hilo najua. Lakini miaka hii kumi yote, hakuna Mwislamu hata mmoja amewahi kukaa na mimi nimuulize."

Miaka kumi, ndugu yangu. Na kutoka Malava hadi msikiti wa Mumias si safari ya siku mbili.

Hapo nilijisikia vibaya, manake sisi tuna kawaida ya kulalamika kwamba hawatujui. Kwani watatujuaje? Uislamu uliingia Mumias na wafanyabiashara wa pwani wakati Mumias bado inaitwa Elureko, enzi za Nabongo Shiundu na mwanawe Nabongo Mumia, karne ya kumi na tisa. Wamishenari wa Quaker walifika Kaimosi mwaka wa 1902. Yaani sisi na hawa tumekuwa majirani zaidi ya miaka 120. Tunauziana ng'ombe, tunapanda matatu moja, tunakata miwa shamba moja, tunaoleana hata kama hatupendi kusema. Lakini mambo yanayotuuma tumeyaficha kila mmoja nyumbani kwake.

Baadaye ikawa zamu yake kuuliza lile swali la mdogo wangu. "Na wewe, umekuja kutafuta nini hapa?"

Nikamwambia. Mwaka wa 2014 mjomba wangu alikuwa anafanya kazi Mombasa. Jioni moja alitoka kwenda kununua mkate. Walioshuhudia walisema ni wanaume waliovaa kiraia na gari lisilo na namba. Nyanya yangu alizunguka vituo vya polisi, hospitali, na vyumba vya kuhifadhia maiti. Kila mahali aliambiwa hayupo. Hadi leo hatuna kaburi, hatuna kesi, hatuna barua. Tulicho nacho ni majirani waliosema kwa sauti ya chini kwamba lazima kuna kitu alifanya.

Yule mama hakusema kitu kwa muda. Aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Wangu ni wa 2008."

Kumbe yeye ni mzaliwa wa Cheptais, Mlima Elgon, akaolewa huku kwa Wakabras. Kaka yake, yule wanayefuatana, alichukuliwa mwaka wa 2008 na hakurudi. Hajui hata leo ni nani walimchukua.

Kama una umri wa miaka ishirini pengine hii hujaisikia, kwa hivyo nikueleze. Kutoka mwaka wa 2006, mzozo wa mashamba ya Chepyuk ulizaa kundi la wapiganaji lililojiita SLDF. Waliua mamia ya watu, wakakata watu masikio, wakawafukuza makwao. Machi 2008 serikali ikapeleka jeshi katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Wanaume walikusanywa kwa maelfu. Wengi waliteswa, na kuna walioingia kwenye malori na hawakuonekana tena. Human Rights Watch, katika ripoti yao ya 2011, walisema watu zaidi ya 300 walipotezwa katika ile miaka, na pande zote mbili zilihusika, wapiganaji na vyombo vya serikali. Kuna wanawake hapo mlimani ambao mpaka sasa si wajane na si wake za watu. Hawawezi kurithi shamba kwa sababu hakuna cheti cha kifo. Hawawezi kufanya matanga kwa sababu hakuna mwili.

Sasa fikiria. Mimi na hijabu yangu, yeye na kitambaa chake cha kanisa, tumekaa baraza moja, na tuna jeraha moja. Aliyepotea kwao aliitwa mwanamgambo, aliyepotea kwetu akaitwa gaidi. Katika kesi zote mbili, neno moja lilitosha majirani wakafunga midomo.

Na hapa lazima tuseme ukweli wetu pia. Niliporudi nyumbani niliwauliza wazee wangu wa Mumias: 2008, wakati watu wa Mlima Elgon wanalia, hapa hapa Magharibi, msikiti ulisema nini? Kuna mtu alitoa hutuba? Kuna aliyetuma hata gunia la mahindi? Waliangaliana. Hawakumbuki. Mzee mmoja akasema, "Tuliona ni mambo yao ya mashamba." Hivyo ndivyo wenzetu walivyotuona baadaye, kwamba ni mambo yao ya dini. Miaka ile mashirika kama MUHURI na Haki Africa yanaandika majina ya vijana wa pwani waliopotea, Kenya nzima iligeuza uso. Na sisi tulikuwa tumegeuza kabla yao.

Halafu ikaja Juni 2024. Vijana walioingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha hawakuwa wa dini moja wala kabila moja. Nairobi, Mombasa, Eldoret, na hata hapa Kakamega mjini. Baadaye wakaanza kuchukuliwa. Gari lisilo na namba, wanaume waliofunika nyuso, familia zikizunguka vituo. Kufikia Desemba 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji tangu Juni, na watu 29 kati yao hawakuwa wamejulikana waliko. Watu wakashtuka: kumbe haya mambo yanafanyika Kenya? Kina mama wetu wa Mombasa na Kwale walikuwa na jibu, lakini hakuna aliyewauliza.

Najua kuna wenzetu walisema, tena nimesoma hapa kwenye maoni, "Wacha na wao waonje." Ndugu yangu, hilo neno usiliseme tena. Si la Kiislamu. Surat al-Maida, aya ya 8, inatukataza chuki yetu kwa watu isitufanye tuache uadilifu. Na hata ukiweka dini kando, halina akili. Mtu anayeteka Mkristo leo kwa sababu ya maandamano anatumia gari lile lile, ujuzi ule ule, na kimya kile kile alichojifunzia kwa mjomba wangu.

Turudi barazani. Mvua ilipopungua, mheshimiwa akafika na msafara wake. Watu wakarudi uwanjani, matope mpaka vifundoni. Hotuba zikaanza: barabara, miwa, bei ya mbolea, basari, na matusi ya hapa na pale kwa mpinzani. Kisha, kwa bahati, wakatoa nafasi ya maswali matatu kutoka kwa kina mama na vijana.

Mimi nilikuwa na swali langu limeandikwa kwenye karatasi. Tarehe 6 Februari 2007, Kenya ilitia sahihi Mkataba wa Kimataifa wa kuwalinda watu wote dhidi ya kupotezwa kwa nguvu. Ilikuwa ni mwaka mmoja kabla ya Okoa Maisha. Kutia sahihi ni kusema "nimeona". Kuuridhia ndiko kunakotufunga, na Kenya haijauridhia. Hatuna sheria yetu inayosema kwamba kumpoteza mtu ni kosa linalosimama peke yake na adhabu yake. Bunge lilipitisha sheria ya huduma ya wachunguzi wa vifo mwaka wa 2017, ili kila kifo cha kutatanisha kichunguzwe na mtu asiye polisi, na mpaka leo tunaisubiri ifanye kazi. Katiba yenyewe iko wazi. Kifungu cha 49 kinasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Kifungu cha 25 kinasema haki ya kuomba amri ya kuletwa mahakamani haiwezi kupunguzwa na yeyote, hata wakati wa hatari. Swali langu lilikuwa: ukiingia Bungeni, utasimama kudai mkataba uridhiwe na sheria hiyo iandikwe? Ndiyo au hapana?

Niliinua mkono. Hawakunichagua. Mwenye maiki alinipita kama hanioni. Yule kukhu akaiona ile karatasi mkononi mwangu, akaichukua, akainua mkono wake. Nani atamkatalia nyanya?

Hakuisoma, alisema kwa maneno yake mwenyewe. Alisema yeye ana kaka aliyepotea 2008, na hapa ana mjukuu Mwislamu aliyepotezewa mjomba 2014, na kuna vijana hapa uwanjani waliofukuzwa na hao hao 2024. "Sasa mheshimiwa, unataka kura zetu. Ukienda huko Nairobi utatutengenezea sheria, au na wewe utanunua gari lisilo na namba?"

Uwanja ulicheka, halafu ukanyamaza. Na katika kile kimya kijana mmoja wa boda boda, tisheti ya chama imemkaa mwilini, akapiga kelele: "Jibu swali!" Wengine wakafuata. Jibu swali! Jibu swali!

Wallahi ningependa kukuambia alijibu. Alisema ni jambo zito, usalama ni muhimu, wataliangalia. Kisha muziki ukawashwa.

Lakini ngoja. Tukiwa tunatoka, watu walianza kumfuata yule mama. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Yule wa boda boda na rafiki yake. Kijana mmoja aliyekuwa na alama mguuni ya zile siku za Juni, ambaye wazazi wake bado hawataki aizungumzie. Jioni ile tulikuwa watu saba na grupu moja ya WhatsApp. Siku chache baadaye tulienda kwa mkutano wa mpinzani wa yule mgombea, na swali lile lile. Jibu lilikuwa refu zaidi. Vinginevyo lilikuwa lile lile.

Tarehe 27 Novemba kura zikapigwa. Walioongoza wawili waliachana kwa kura ambazo hazikufika 1,500. Fikiria hiyo hesabu polepole. Msikiti mmoja wa Ijumaa, makanisa mawili, na stendi ya boda boda, vikiwa na swali moja, vinafika hapo. Wanasiasa hesabu hiyo wanaijua, na ndiyo maana wanapenda tubaki kila mtu na kipaza sauti chake. Sisi wanatutumia sheikh na gunia la mchele wakati wa Ramadhani, wale wanatumiwa mchango wa mabati ya kanisa, na hakuna anayeuliza swali.

Usidhani mimi na kukhu tumekuwa kitu kimoja. Aliniambia wazi kwamba 2010 alipiga kura ya La kwa katiba kwa sababu ya Mahakama za Kadhi, na akirudishwa leo angepiga La tena. Nilimweleza kwamba hizo mahakama zinahusu ndoa, talaka, na mirathi, kwa Waislamu peke yao, tena walio tayari. Alitikisa kichwa. Hatukukubaliana. Yeye ananiombea niokoke, na mimi namuombea hidaya, na kila mmoja anajua mwenzake anaomba nini. Hiyo haikutuzuia kuandika barua moja. Msingi wa kukutana na watu si kukubaliana kwa kila jambo. Tafuta jambo moja ambalo ni la haki, ambalo nyote mnalihitaji, mlishike hilo.

Na hili si jambo tulilolibuni. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, akiwa kijana wa umri wako, kabla ya utume, alihudhuria kikao Makka nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an. Mfanyabiashara mgeni kutoka Zabid, Yemen, alikuwa amedhulumiwa mali yake na mkubwa wa Kikureishi, As bin Wail, na hakuwa na kabila la kumtetea. Koo kadhaa zikaapa kusimama na kila aliyedhulumiwa, mwenyeji au mgeni. Ndiyo tunaita Hilful Fudhul. Wale hawakuwa Waislamu. Walikuwa waabudu masanamu. Na Mtume baada ya kupewa utume alisema kwamba ule mkataba hawezi kuubadilisha na ngamia wekundu, na kwamba angeitwa kwa jambo kama lile ndani ya Uislamu angeitika. Sasa wewe unaniambia kukaa na mama wa Quaker kutanichafulia dini?

Kwa hivyo mdogo wangu, na wewe unayesoma, kampeni za 2027 zinakuja. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti, na mikutano itaanza mapema sana kuliko hapo. Nakuomba uende. Ila nenda hivi:

Usiende na tisheti ya mtu. Ukivaa tisheti yake, swali lako limeshajibiwa. Na ile mia mbili, iache.

Nenda na swali moja, fupi, lenye jibu la ndiyo au hapana. Liandike. Litoe kwa mtu mwingine kama maiki haikufikii wewe. Swali likiulizwa na asiye wa dini yako lina nguvu mara mbili.

Fika mapema. Mambo ya maana yanatokea kabla ya mheshimiwa kufika, kwenye kibanda cha chai na chini ya mabati.

Sali swala zako kwa wakati, wazi wazi, bila fujo. Hakuna aliyenisumbua, na swala ndiyo iliyonipatia yule rafiki.

Ukiulizwa juu ya Garissa, au Westgate, usirukie kujitetea. Sema pole kwanza. Sikiliza mpaka mwisho. Utetezi wako utabaki pale pale, hautaharibika kwa kusubiri dakika tano.

Uliza na wewe yanayowauma. Usiende kukusanya watu wa kulia msiba wako kama hujaenda kwenye wao.

Mkiona kuna dalili ya fujo, ondokeni. Hakuna swali linalostahili damu ya mtoto wa mtu. Nenda na mwenzako, na nyumbani wajue ulipo.

Na kabla ya kuondoka, chukua namba za simu. Mkutano bila namba za simu ni sherehe tu.

Mdogo wangu, uliniuliza naenda kutafuta nini kwa watu wasiotupenda. Sijui kama wanatupenda. Sikuwauliza hilo. Ile barua yetu, yenye sahihi za imamu mmoja, mchungaji mmoja wa Quaker, mwalimu, kina mama, na vijana wa boda boda, iko ofisini mahali na bado haijajibiwa. Tunaifuatilia kila mwezi. Mwezi uliopita tulipokutana, kukhu alikuja na picha ya kaka yake, ya zamani, rangi imefifia. Nyanya yangu nilimleta kutoka Mumias na picha ya mjomba. Hawaelewani hata Kiswahili vizuri, ila Kiluhya chao kinakaribiana. Waliziweka hizo picha mbili kwenye meza moja. Kisha wakaanza kuulizana ni nani kati yao wawili alikuwa mtukutu zaidi akiwa mdogo.

Hicho ndicho nilichokipata kule. Na nyanya yangu, ambaye kwa miaka kumi na moja hakutaka kulisikia jina la mjomba likitajwa mbele za watu, amesema mkutano ujao tumbebe.

Wabillahi tawfiq.